Kiti Chenye Lebo

Bwana Lebo, ndivyo walivyomwita kule maabara, na wala hawakumwonea. Miaka ishirini na mbili alikata vipande vya ubongo vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavipaka rangi, na hakuna chupa iliyopita mikononi mwake bila kubandikwa jina.

Kazi yake aliijua, usimwambie kitu. Wageni wakija, aliwaonyesha kwenye hadubini madoa ya protini mbovu, na seli za kinga zimeyazunguka.

"Hawa ndio wafagizi wa ubongo," alikuwa akisema. "Wanauzingira uchafu, wanaumeza. Ukizidi, wanachoka. Wanabaki wamesimama tu, hawamezi tena, wanamwaga sumu inayoumiza majirani."

Basi mama yake alipoanza kusahau, unadhani alifanya nini? Alikwenda na bunda la lebo! Jumamosi moja akabandika nyumba nzima: SUKARI, CHOO, JIKO USIGUSE. Kwenye picha yake mwenyewe ukutani akabandika MWANAO. Akaona kazi imekwisha, mengine yote akamwachia dada yake.

"Mdogo wangu, njoo ukae naye," dada alimsihi kwenye simu. "Bado anakuulizia. Kesho na keshokutwa hatakujua."

"Nikija nitafanya nini, dada? Dawa ya kuziamsha zile seli bado haijapatikana."

"Nani kakwambia ulete dawa? Mimi mwenyewe nimechoka kama hao wafagizi wako."

Bwana Lebo akacheka, eti utani. Ovyo kabisa! Akaenda baada ya miezi mitano. Mpaka leo ukimgusia habari hiyo anainamisha kichwa: "Ningekwenda siku ile ile aliyopiga dada, mama angeniita jina langu." Majuto ni mjukuu, lakini nani husikia?

Siku aliyofika, mama alimpokea kwa adabu zote za mgeni. "Karibu, baba. Umetoka mbali?"

Picha ilikuwepo ukutani, lebo haikuwepo. Akaitafuta kwa macho, akaiona kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, pembe zake zimechakaa kwa kupapaswa. Akakisogelea kile kiti angalau akae.

Mama akamshika mkono, taratibu.

"Samahani, baba, hapo usikae. Hicho ni cha mwanangu. Anakuja leo."