Siku Tuliyomshusha Fahali wa Baba

Baba alikufa katikati ya msimu wa kuvuna miwa, na wazee wa ukoo wakasema hazikwi mpaka fahali wake aje.

Nieleze kidogo, maana hata kwetu Lurambi siku hizi wako vijana wasiojua jambo hili. Mtu aliyefuga fahali wa kupigana hakupelekwa kaburini kimyakimya. Fahali aliletwa uani, ngoma za isukuti zikapigwa, naye akachimba udongo kwa kwato na kunguruma mbele ya jeneza, ndipo mwenyewe akashushwa. Asipoletwa, watu walisema marehemu amezikwa kama mbwa. Na wakishasema hivyo walimtafuta mwenye kosa. Baba zangu wadogo wawili hawakuhitaji kutafuta mbali. Walimnyooshea kidole mama. Walisema ndiye aliyetaka fahali akae mbali, kwa chuki, na kama hatafika kabla ya mazishi, basi mwanamke huyo afungashe virago arudi kwao, awaachie shamba.

Shamba lenyewe ndilo lililowatoa mate. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu Kakamega alikuwa mtu wa miwa. Matrekta ya kiwanda yalipita mchana kutwa, trela tatu tatu, na watoto wakikimbia nyuma kuchomoa miwa. Baba alilima mpaka ukingo wa choo. Malisho yakawa miwa, shamba la mahindi likawa miwa, unga wa obusuma, ugali wetu, tukawa tunaununua sokoni kama watu wa mjini. Ng'ombe wa maziwa waliuzwa wote. Fahali peke yake hakuuzwa. Alipelekwa kwa rafiki ya baba, mzee mmoja aliyeishi ng'ambo ya msitu, juu ya maporomoko ya Isiukhu, ambako nyasi zilikuwa hazijamalizwa.

Baba alimpenda yule mnyama kuliko alivyotupenda sisi, na sisemi hivi kwa uchungu wa mtoto. Niliona kwa macho yangu. Fahali alilambishwa chumvi wakati chungu chetu hakina. Alinyweshwa molasi. Akishinda uwanjani, baba alirudi na wacheza isukuti na sote tulilala salama. Akishindwa, baba alirudi peke yake, na tulipomsikia akilifungua lango bila wimbo, mama alitutoa jikoni akafunga mlango, yeye akabaki ndani na mumewe. Nilimchukia baba kwa ajili ya hilo, nami sijaacha.

Lakini fahali sikumchukia. Mimi ndiye niliyemlea tangu ndama, mamake alipokufa, nikamnywesha maziwa kwa kiganja na kumwimbia ili anywe. Alikuwa akisikia sauti yangu anakuja. Alipoanza kupigana nilikatazwa kumgusa, kwa sababu walisema mkono wa mwanamke humlegeza fahali wa mchezo. Niliendelea kumwimbia nikiwa upande wa pili wa ua, na hakuna aliyenizuia, kwa kuwa bila mimi hawakuweza kumtoa zizini.

Ndiyo maana kaka yangu mkubwa alinichukua twende tukamlete fahali, ingawa hakutaka. Kaka alikuwa utingo wa trekta la miwa, mtu wa mabega mapana na maneno machache, aliyepigwa na baba kuliko sisi sote na aliyemwogopa mpaka akiwa maiti.

"Wewe utaimba tu," aliniambia alfajiri ile, akinoa panga lake la kukatia miwa. "Ukigusa hiyo ng'ombe, nakukata mkono."

Daraja la barabara kubwa lilikuwa limebebwa na mafuriko. Iliyobaki ilikuwa njia ya bonde, na kusema njia ni kuipa heshima isiyostahili. Tuliingia msituni jua halijachomoza. Miti ilikuwa imesongamana kiasi kwamba ardhi haikukauka tangu iumbwe. Tulishuka kwa makalio, tukishika mizizi, na mizizi mingine ikang'oka na udongo wake. Kaka alikata kamba za porini kama mtu anayelipiza kisasi. Upupu ulinichoma mapajani mpaka nikatamani kujichuna ngozi. Chini, kwenye tope, tulikanyaga msafara wa siafu bila kuuona, na tulipojua walikuwa wamekwisha kupanda mpaka kiunoni. Tulivua nguo kila mmoja mbele ya mwenzake, ndugu wa tumbo moja, tukijipiga makofi na kutukana. Nilimng'oa siafu mmoja kitovuni, kichwa kikabaki kimeng'ata.

Nilisema tupumzike. Kaka alinizaba kofi. Nami niliokota jiwe nikampiga nalo mgongoni, si kwa kutishia, nikampata sawasawa, akapiga magoti. Alipoinuka alinitazama, akakohoa, akaendelea kukata njia. Hatukuombana msamaha. Nyumbani kwetu ndivyo mazungumzo yalivyokuwa.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona, kwanza kifuani kuliko masikioni. Mvua zilikuwa zimeyajaza, na maji hayakuwa meupe bali mekundu, yamebeba udongo wa mashamba. Kando yake kulikuwa na ukingo wa mwamba uliopanda mpaka juu, upana wake unatosha ng'ombe mmoja na si mtu wa pembeni. Tuliupanda tumelowa, tumeshika ukuta wa jiwe, huku upande wa pili hakuna kitu ila mvuke. Nilijaribu kumwambia kaka kitu. Aliona mdomo wangu ukicheza, akatikisa kichwa. Mtu hakuweza kujisikia mwenyewe pale.

Mzee aliyemtunza fahali alitupokea kwa heshima, akalia kidogo kwa ajili ya rafiki yake, kisha akatupeleka zizini. Huko nilisimama nikashika mdomo. Jicho la kushoto la fahali halikuwepo. Palikuwa na shimo lililofumba, na kovu lililoshuka mpaka puani.

"Walipigana na dume la ng'ambo, kule penye chumvi," mzee alisema. "Baba yenu sikumwambia. Nilimwogopa. Sasa sikieni, wanangu. Hii ng'ombe haionangi upande huu. Mtu atembee hapo kushoto, na asinyamaze hata kidogo. Ikisikia sauti inatulianga. Ikikosa sauti, inadhanianga kila kitu ni adui."

"Basi huyu ataimba," kaka alisema.

"Heri mngoje daraja."

"Mzee, baba ameanza kunuka."

Mzee akaondoa miti ya lango la zizi. Nilimwita fahali kwa wimbo wa zamani, naye akageuza kichwa kizima ili jicho lake zima linione, akaja. Aliweka pua yake mvua karibu na tumbo langu. Sikumgusa. Furaha niliyokuwa nayo ilinishangaza, siku baba yangu akiwa amelala katika jeneza.

Kisha kaka akafanya walivyofanya wanaume wote wa mchezo ule. Alitoa chupa ya chang'aa mfukoni, akamshika fahali puani, akamwaga kooni. Mzee alimpigia kelele aache, safari bado haijaanza. Kaka alisema baba zetu wadogo wanamngoja fahali, siyo ndama, na kwamba akiingia uani amepoa watasema mama amemroga. Alikuwa anamtetea mama, kwa njia yake. Namheshimu kwa hilo mpaka leo, ingawa ulikuwa upumbavu mtupu.

Mpaka ukingoni tulikwenda vizuri. Nilitembea kushoto nikiimba, na pumzi ya pombe ilinipiga usoni. Macho yake, yaani jicho lake, lilikuwa limekuwa jekundu. Tulipofika penye mwamba ndipo nilipoelewa. Tunashuka, na kushoto ndiko kuliko na maporomoko. Upande wake wa kipofu haukuwa na mahali pa kusimama mtu.

"Ngoja!" nilimwambia kaka. "Niache nimshike shingo. Hatanisikia hapa."

"Nimekuambia hagusiki na mwanamke."

"Atatuua!"

"Imba!"

Akatangulia na kamba. Mimi nikabaki nyuma, nikaimba. Niliimba mpaka koo likauma, na maji yakameza kila neno. Katikati ya ukingo fahali alisimama. Aliinua masikio, akayageuza huku na huku. Ananitafuta. Nilipiga kelele mpaka nikaonja damu, na yeye, hatua tatu mbele yangu, hakusikia hata pumzi. Kaka akaivuta kamba kwa nguvu. Akaivuta tena, kisha akampiga puani kwa bapa la panga.

Fahali alimwendea bila kunguruma, au labda alinguruma. Alimsukuma kaka ukutani kwa paji la uso, akamwinua, akambana pale. Niliona mdomo wa kaka umefunguka wazi. Fahali akarudi nyuma nusu hatua, akateremsha kichwa, na pembe ikazama pajani mpaka sikuiona. Panga la kaka lilikuwa limeteleza likaja miguuni mwangu. Kaka alikuwa anampiga yule mnyama kwa ngumi, puani, shingoni, ngumi za mtoto. Damu yake ilitiririka juu ya jiwe, ikachanganyika na maji.

Watu wameniambia mara nyingi kwamba fahali aliteleza. Wanasema ili kunifariji. Hakuteleza. Nilijipenyeza kando ya ukuta, nikamshika mkia kwa mkono wangu wa mwanamke, nikamchoma ubavu wa kulia kwa ncha ya panga, kwa nguvu zangu zote, nikijua atakimbilia upande asiouona na kwamba upande huo hauna ardhi. Alichomoa pembe. Aligeuka. Miguu ya mbele ilitangulia, kisha tumbo lote, na kamba ikapita mkononi mwa kaka ikamchuna kiganja.

Nilimfunga kaka paja kwa kitambaa changu cha kichwa nikakaza mpaka akazimia. Kisha nikashuka.

Alikuwa kwenye mawe chini, nje kidogo ya maji, mgongo umevunjika, miguu ya nyuma imelala vibaya. Alikuwa hai. Jicho lake lilikuwa linazunguka likinitafuta. Nilipiga magoti nikaweka mdomo ndani ya sikio lake, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushuka, alinisikia. Alitulia kabisa. Nikamwimbia ule wimbo wa maziwa. Nililia kuliko nilivyomlilia baba, tena nisilinganishe, kwa kuwa baba sikumlilia. Panga la miwa ni kali. Hata hivyo halikukata mara moja, wala mara ya pili. Shingo ya fahali ni kitu kinene. Nilipomaliza nilikuwa mwekundu mpaka kwenye kope.

Mzee na wanawe walikuwa wametufuata kwa wasiwasi, wakatukuta. Wanawe wawili walimbeba kaka kwa machela ya matawi. Mzee na wanawe wengine walichuna na kugawa nyama kwenye magunia waliyoyaleta kutoka nyumbani kwao. Kichwa nilikibeba mimi. Nilikiweka juu ya kichwa changu kwa kata ya majani, pembe zikikwama kwenye kamba za porini kila hatua, damu ikinishukia shingoni, na siafu wa bonde lile walifaidi siku hiyo. Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba mama yangu anafukuzwa, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Uani kulikuwa kumejaa watu. Isukuti zilinyamaza tulipoingia. Mama alitoka mbio kwa kaka, akamshika uso, akaona kwamba anapumua, akawaita vijana wampeleke hospitali kwa trekta lililokuwa limesimama barabarani na miwa yake. Yule mkubwa wa baba zangu wadogo hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Ng'ombe iko wapi?"

Nilikiinamisha kichwa changu, kichwa cha fahali kikaanguka miguuni pake, kikabiringika, kikasimama kwa pembe. Wenye magunia wakayatua nyuma yangu, moja baada ya lingine.

"Baba mdogo, mlisema ng'ombe aje," nikasema. "Huyu hapa. Amekuja, hakuna kilichobaki."

Wazee walikwenda kando wakanong'ona. Walirudi, na aliyewazidi umri akasema kwamba fahali amefika, kwa kuwa pembe zake zimefika, na ngoma zipigwe. Kichwa kikawekwa mbele ya jeneza na baba akazikwa jioni ile. Baba zangu wadogo walitafuta la kusema. Hatimaye walisema nyama ya fahali wa mchezo hailiwi na watu wa nyumba yake, ni kama kumla marehemu, ichimbiwe shimo.

Mama alikuwa amekaa chini, mjane, kitambaa cheusi kichwani. Akasimama. Aliingia jikoni akatoka na sufuria ile kubwa ya sherehe, akaiweka mafigani mbele ya macho yao, akafungua gunia la kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Alisonga obusuma. Nyama ilipoiva alikaa kwenye kigoda katikati ya ua, kila mtu akimwona, akala polepole, anatafuna, anameza. Mimi sikuweza. Nilisimama tu nyuma yake, bado sijanawa.

Alipomaliza alininyooshea sahani, akaniambia nimwongeze, na nimchagulie penye mafuta.