Safari ya Kirando Kumtazama Mnunuzi Usoni

Nilikwenda Kirando kwa sababu kuna mwanamke kule aliyetaka kununua mafuta yangu ya alizeti kila wiki, na mimi sijawahi kumwona. Nawaandikia hasa ninyi wenzangu wenye mashine za kukamua, mlioko Sumbawanga mpaka Namanyere, mnaosikia habari za mfumo wa serikali mkakunja midomo. Mimi nilikunja kuliko ninyi wote.

Kwa wasionijua, shule niliacha darasa la tatu. Nimechunga ng'ombe wa watu, nimebeba magunia sokoni, nimekamua alizeti kwa mashine ya mkono mpaka mabega yakaota sugu. Leo nina mashine mbili za umeme pale Malangali, Sumbawanga, na sina ubia na mtu. Biashara hakunifundisha yeyote. Nina desturi yangu moja tu: mteja wa mzigo mkubwa lazima kwanza nile ugali nyumbani kwake. Nimwone anavyosema na watu wa nyumba yake, nione kuku wake wanashiba au wanakonda, niombe kwenda chooni. Mwenye choo kibovu hulipa vibaya. Nimeishi hivyo na sijafilisika.

Msimu uliopita watu wa serikali walituita ofisi ya kata. Alisimama afisa mmoja, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu, akasema serikali inawaunganisha wenye viwanda vidogo kwa njia ya mtandao. Mkulima wa alizeti, mwenye mashine, mwenye kutengeneza vifungashio, mwenye gari na mnunuzi, wote wataonana mahali pamoja. Nikajua ni maneno ya mkutano, tutapewa soda twende zetu. Kumbe hawakuishia kwenye soda. Walituletea vishikwambi, wakatukalisha darasani bila malipo, wakachukua mafuta ya kila mtu wakayapime. Yangu yalirudi yakiwa safi. Hilo nililijua siku zote, lakini kuambiwa na serikali kuna utamu wake.

Kishikwambi nikampa Veronika, binti yangu mkubwa, ndiye msimamizi wa mizani na stoo. Ila namba ya siri ya kukubali oda niliiweka kichwani mwangu. Mashine ni zangu.

Sasa ikaja hiyo oda ya Kirando. Na ilikuja wakati stoo imejaa madumu hadi mlangoni, maana tajiri wa mjini aliyekuwa akinichukulia alihamia mafuta ya kupikia yanayoletwa na meli kutoka nje, simu hapokei. Wakulima nao wanaendelea kuleta alizeti. Kama mafuta hayatoki, mashine ya pili naizima, na walioajiriwa kwenye hiyo mashine nawarudisha makwao. Hesabu yake ilikuwa hiyo, haina kona.

"Baba, kubali basi," Veronika akasema. "Ikifika Ijumaa hujajibu, mnunuzi anaruhusiwa kuhamia kwa mwingine."

"Nimkubali mtu nisiyemjua hata harufu?"

"Amesajiliwa. Kiwanda chake kimekaguliwa na wao wenyewe."

"Wamekula kwake?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Baba, hawa ni wakaguzi, siyo wakwe."

Nikamwambia Ijumaa ni siku nzima, ina asubuhi na jioni. Nitakwenda mwenyewe.

Ijumaa alfajiri nilikuwa stendi nimevaa koti mbili. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, haihitaji maelezo. Basi likatoka likashika lami ya kuelekea Namanyere, na jua likachomoza upande wa bonde la Rukwa. Mashamba ya mahindi yalishavunwa, mabua yamelala. Ulezi ulikuwa bado unakatwa. Alizeti ilisimama na vichwa vimeinama, vikavu, vimeiva. Nilitazama yale mashamba nikaona mafuta, nikaona madumu, nikaona stoo yangu imejaa. Sikuona uzuri wa kitu.

Chala alipanda mfugaji mmoja, Msukuma, jina lake Masanja, kofia pana na fimbo iliyomsumbua konda. Akakaa ubavuni kwangu. Akaniamkia vizuri, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Malangali, nina mashine za alizeti.

"Yenye geti la kijani?"

"Umefika?"

"Sijawahi kukanyaga. Lakini mashudu yako yananenepesha ng'ombe wangu." Akatoa simu, akafungua, akanionyesha. "Haya hapa. Kila jioni mnaandika yamebaki kiasi gani. Nikiona ni mengi, naagiza. Mzee, mimi mashudu yako nayaona kabla wewe hujayazoa chini ya mashine."

Nilimtazama huyu mtu. Miaka yote nilifikiri mashudu yangu yanachukuliwa na madalali wa pale mjini. Kumbe Veronika alishahama, anauza moja kwa moja kwa wafugaji wa huku, na mimi naona tu mashudu yanaisha nadhani ni baraka.

"Na wewe uliniamini vipi, hujaniona?" nikamuuliza.

"Mzee, ng'ombe akila akanona, nikuone wa nini? Uzuri wako unanihusu nini?" Abiria wa nyuma wakacheka. Nikacheka na mimi, kidogo.

Namanyere tulisimama kupata chai. Simu ikalia, ni Veronika.

"Baba, yule mama ameuliza tena. Anasema mafuta yake yanaishia leo. Nimjibu nini?"

"Mwambie niko njiani, nakuja kula."

"Baba, hiyo haimo kwenye mfumo."

"Basi waiweke."

Nikakata. Naliandika hivi lilivyokuwa, sijipaki rangi.

Baada ya Namanyere lami inakuacha. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Kisha nchi inakatika ghafla, barabara inaanza kushuka kwa kona, na kule chini linatokea Ziwa Tanganyika, kubwa, la bluu, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo kama moshi. Joto linakupanda miguuni kadiri unavyoshuka. Koti ya kwanza niliivua kwenye kona za juu, ya pili nikaivua chini kwenye minazi na michikichi. Watu wa Kirando wakaniona nashuka na koti mbili mkononi, wakajua huyu ni wa juu.

Kirando ni dagaa. Unanusa kabla hujaona. Wameanikwa kwenye vichanja ufukweni, weupe, wanawake wanageuza. Nilitegemea kuonyeshwa kibanda. Nikaonyeshwa jengo la matofali lenye bati jipya, sakafu ya vigae inayooshwa, karai kubwa za kukaangia zimepangwa mstari, mizani juu ya meza, na mashine ya kufunga pakiti. Wanawake wengi walivaa vilemba vyeupe. Lakini moto ulikuwa umezimwa, na wote wamekaa. Hilo lilinishtua kuliko vigae.

Mama mmoja mnene, amejifunga kanga juu ya koti jeupe, akanijia. "Shikamoo mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Natafuta Mama Fortunata."

"Ndiye mimi. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mafuta ya Malangali."

Akanitazama toka viatu mpaka kichwani. "Basi umechelewa, mafuta. Nimeshahamia kwa mkamuaji wa Laela."

Niwaambie ukweli. Nilianza kufoka. Nikasema hicho chombo chao ni cha hila, mtu yuko njiani anakuja kwa heshima, chombo kinamzunguka nyuma.

"Chombo hakina kosa, mzee wangu," akasema bila kupandisha sauti. "Nimekibonyeza mimi, asubuhi ya leo. Nimesubiri jibu lako tangu Jumatatu. Unaona hawa? Dagaa wameletwa alfajiri, karai ni kavu. Dagaa mbichi hasubiri mtu anayekuja kuangalia uso wangu. Haya, uso ndio huu. Unakufaa?"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama Fotu, mgeukie na upande wa pili auone vizuri!"

Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Niliwaza mashine ya pili, niliwaza sura za wale nitakaowaambia wasije Jumatatu.

Mama Fortunata hakunifukuza. Aliniletea maji, akavuta kishikwambi chake, akakaa karibu. "Njoo uone ulichokikataa," akasema.

Na hapa ndipo naomba msome polepole. Kwenye kioo kile niliona kiwanda chake chote na watu wake wote. Chumvi imefika. Pilipili iko stoo. Pakiti zilizochapwa zimetoka Mbeya asubuhi, ziko kwenye lori, na lori lenyewe linaonekana liko wapi. Dagaa wa wiki iliyopita walishafika Kasesya mpakani, na mnunuzi wa Zambia kathibitisha kupokea. Kila kitu kina alama ya kijani. Kimoja tu kilikuwa chekundu, mafuta. Watu wanaokaa mbali mbali hivyo, hawajuani, wanasukumiana kazi kama vijana waliosimama mstari wanapeana matofali. Na aliyedondosha tofali ni mimi.

"Lakini Laela kakubali," nikasema. "Mbona bado jekundu?"

Akabonyeza, akasoma. Kisha akasema, "Laela anayo nusu tu. Anaandika nusu nyingine hana, chujio lake limeharibika." Akanigeukia. "Lori la pakiti linatoka Laela sasa hivi limepakia hiyo nusu. Nafasi nyuma bado ipo, wameandika hapa. Linapita Sumbawanga jioni kuja huku. Ukikubali kabla halijapita, lina uwezo wa kupitia Malangali."

Wenzangu, maisha yangu yote nimekodi lori zima kupeleka mzigo wa nusu lori, likarudi tupu, na gharama ya kurudi nikalipa mimi. Leo serikali imekwenda kuniokotea nafasi mgongoni mwa mzigo wa mtu mwingine, tena lori lenyewe liko barabarani! Hakuna dalali aliyepiga simu. Hakuna aliyeombwa chai.

Nikampigia Veronika. "Kubali!"

"Siwezi, baba. Namba ya siri unayo wewe."

"Andika."

"Baba, ukirudi utaibadilisha, usije ukaanza kusema—"

"Andika, nimesema! Lori liko Laela!"

Nikaitaja namba ile kwa sauti yangu ya sokoni, tarakimu moja baada ya nyingine. Mama Fortunata akaweka mkono mdomoni. "Mzee, unaitangazia Kirando nzima."

"Acha wasikie. Si yangu tena, ni ya Veronika."

Tukangoja tukitazama kioo. Sijawahi kutazama kitu hivyo tangu nitazame mtoto wangu wa kwanza akizaliwa. Kile chekundu kikawa kijani. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja akaanza kusukuma kuni chini ya karai, ingawa mafuta yalikuwa bado kule juu kwetu. Dagaa wa siku ile wakawaanika juani wauze wakavu.

Nilikula ugali kwake jioni ile, kwa migebuka, samaki wa ziwani kwao. Ulikuwa mzuri. Choo chake ni safi, kama mnataka kujua. Lakini nilikula nikijua kwamba haya hayakuongeza kitu. Kazi yake nilishaiona kwenye kioo, na mkataba ulishafungwa. Nilimwuliza kama wiki zijazo nusu ya Laela itarudi kwangu, chujio likipona au lisipopona.

"Hapana," akasema. "Yeye nimemwomba leo, na amejibu leoleo. Hiyo ni yake kila wiki. Yako ni nusu yako."

Nikameza. Hiyo nusu siidai kwa mtu, wala kwa mfumo. Niliiacha mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye basi.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la kurudi. Kwenye zile kona, tukiwa tunapanda kwa gia ndogo, tulipisha lori lililokuwa linashuka. Juu ya maboksi ya pakiti niliona madumu yangu. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele, nikapunga mkono. Dereva akadhani nalalamikia vumbi, akaonyesha ishara ya kuomba radhi akaenda zake. Hanijui, simjui. Mzigo unakwenda.

Nilichojifunza nakisema kavu kavu. Serikali huwa tunaisema inapokosea, na mimi naisema sana. Kwa hili imefanya kazi ya kiume. Imechukua watu wadogo waliotawanyika, wa huku juu na wa kule ziwani, ikawafunga kamba moja. Kilichobaki ni sisi kuacha kuishikilia kamba isivutwe. Mliopewa vishikwambi mkavifungia kabatini, vitoeni. Na namba ya siri mpeni anayekaa karibu na kazi.

Nilishuka Malangali mchana, koti zote mbili mwilini tena. Tangu barabarani nilisikia mashine zote mbili zinanguruma. Veronika alikuwa mizanini, hakuacha kupima.

"Karibu baba. Oda ya wiki ijayo imeingia. Nimeshaikubali."

"Bila kuniuliza?"

"Ulikuwa njiani."

Niliweka mfuko chini, nikachukua koleo, nikaingia chini ya mashine kuzoa mashudu.