Siku Lori Lilipotushusha Ujiji

Wenzangu mliosoma shule za msingi Kasulu na Kibondo miaka ya sabini, sijui kama wajukuu zenu huwaamini mnapowasimulia mambo ya wakati ule. Wangu hawaniamini. Nikiwaambia nilifika darasa la sita bila kuona taa ya umeme, wananitazama kama ninayezungumzia dunia ya kabla ya jua. Nikisema tulikwenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi, mmoja huuliza, kwa upole kabisa, kama tulikuwa wafungwa.

Kwetu ni Muyama. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni, tukawa tunaushukia kama watu wanaoingia ndani ya maziwa, miguu peku, umande ukituuma vidole. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha kabla ya kutoka, na tuliporudi tulikuta ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mekundu, ukila midomo inang'aa hadi jioni. Wasichana tulicheza rede mpaka mpira wa matambara unachanika, na mama zetu walituita kila mmoja kwa sauti yake, ukajua kabisa leo nitapigwa au leo nitasamehewa. Mama yangu alikuwa na maneno yake ambayo hakuyachoka: "Ukifika kwa watu, salimia kwanza. Njaa yako itasubiri."

Nyumbani tulikuwa na Spesioza. Wageni walidhani ni pacha wangu, maana tulilingana kimo na tulivaa magauni ya kitambaa kimoja. Hakuwa ndugu wa damu. Mjomba wangu, mganga wa zahanati kule Nyabibuye, upande wa Kibondo, ndiye aliyemleta akiwa mdogo sana, mwaka ule watu wa Burundi walipovuka mpaka kwa wingi. Alikuwa amevuka na shangazi yake, na shangazi akafa kwa homa siku chache baada ya kufika. Kabla hajafa alimwambia mjomba kwamba wazazi wa mtoto, waliokuwa wakiishi mbali, kusini karibu na ziwa, wameisha. Ndivyo alivyosikia njiani. Akamfundisha mtoto jina la baba yake na jina la kilima chao, akamwambia ayashike. Basi mjomba akampakia Spesioza kwenye baiskeli, akampeleka kwa ndugu mmoja, kisha kwa mwingine, hadi akafika kwetu. Mama alimwogesha, akamlaza katikati yangu na ukuta, na kuanzia siku ile hatukuwahi kumwita mgeni.

Tulipokuwa darasa la sita alihamishiwa kwetu Mwalimu Komba, mtu wa Songea, mrefu, mkali, aliyefundisha historia kama vile yeye mwenyewe alikuwapo. Alikasirika alipogundua kwamba tunaimba habari za Ujiji na Kigoma lakini hakuna aliyewahi kufika. Maharage ya shamba la shule yalipouzwa, akakodi lori la mfanyabiashara mmoja wa Kasulu. Hatukulala. Mama alitufungia viazi na ndizi kwenye majani ya mgomba, akatupaka mafuta hadi magotini, akatuambia tushikane mikono na tusiachane.

Safari yenyewe ilitutoa akili. Lori lilishuka na kushuka, hewa ikawa nzito na ya moto, na vumbi jekundu likatufanya sote tufanane. Kisha kwenye kona moja mtoto wa mbele akasema mbingu imeanguka. Tukasimama. Chini kulikuwa na bluu isiyo na mwisho. Sisi maji tuliyoyajua ni ya mto wa kuvuka kwa mawe. Wengine walianza kulia, na mimi nilishika mkono wa Spesioza.

Kigoma mjini tulimchukua mwenyeji wetu, Mzee Ramadhani, kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, mwenye Kiswahili kilichoteleza hadi tukaona aibu kufungua midomo. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa na Kiha ndani yake. Alicheka, akatuita watoto wa milimani, lakini alicheka kama babu. Alisimama nyuma ya kichwa cha lori akishika bomba la chuma, akawa anapiga paa kwa kiganja: mara moja dereva asimame, mara mbili aondoke. Alituonyesha stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, jumba kubwa kupita makanisa yote tuliyoyajua. Treni ikapiga honi tukiwa tunashangaa madirisha. Nusu ya darasa waliruka kutoka kwenye lori wakakimbilia mji, na Mwalimu Komba, aliyekuwa hacheki, ilibidi ageuze uso.

Tulipoingia Ujiji vicheko viliisha. Mzee Ramadhani alitupitisha kwenye barabara yenye miembe mikubwa, akatuonyesha jiwe la ukumbusho wa wale Wazungu wawili waliokutana pale, mmoja mgonjwa na mwingine amemtafuta. Kisha akasema habari za Wazungu zinatosha. Akapiga paa, lori likasimama, akatueleza kwamba kwenye njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wakapelekwa kwa miguu hadi pwani. Alisema mama aliuzwa huku, mtoto akauzwa kule, na hawakuonana tena. Tulikuwa tumeyasoma hayo darasani na kuyajibu kwenye mtihani. Lakini kuyasikia umesimama juu ya udongo wenyewe ni jambo jingine. Nilitazama miguu yangu. Spesioza aliacha kula ndizi yake, akaishika hivyo hivyo.

Mwalimu akaona tumekuwa kama watu wa msibani, akaomba tupelekwe ufukweni tunawe. Huko wanawake walikuwa wameanika dagaa mchangani, fedha tupu kila upande, harufu imejaa hadi mdomoni. Watoto walikimbilia maji. Mimi niliokota konokono mkubwa, nikamwita mwenzangu kwa sauti kwa sababu ya upepo: "Spesioza! Njoo uone!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa fagio aliinua kichwa. Baadaye alitueleza kwamba kwa miaka yote aligeuka kila aliposikia jina lile, na kila mara alikuta mtoto wa mtu mwingine. Alitutazama sisi wawili, akasogea, akamuuliza mwenzangu kwa Kirundi, taratibu, "Uri umwana wa nde?" Wewe ni mtoto wa nani.

Spesioza alijibu kama alivyofundishwa, jina la baba na jina la kilima, bila kupumua, kama anayesoma sala.

Fagio lilianguka. Yule mama akauliza jina la shangazi yake. Spesioza akasema Yozefina. Hapo mwanamke aliketi chini, juu ya dagaa wake, akaweka kiganja mdomoni. Wanawake wengine wakaja mbio wakidhani ameumwa na nyoka. Mimi nilisimama na konokono wangu mkononi, nikijua kuna jambo kubwa limetokea na sijui ni zuri au ni baya.

Kisha yule mama alinyoosha mikono, akasema, "Mimi ni mama yako."

Spesioza akarudi nyuma. Alinishika gauni nikasikia mshono unachanika. Akamjibu kwa Kiswahili, kile cha shuleni: "Mama yangu yuko Muyama."

Nimeshuhudia misiba mingi tangu siku ile, nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukipigwa vile kwa maneno. Mikono yake ilibaki hewani. Kisha akaishusha, akaiweka mapajani, akasema polepole kwamba ni sawa, ni sawa.

Mwalimu Komba alipofika alitaka ushahidi. Mzee Ramadhani akamwambia anamfahamu huyu mama, anaitwa Veronika, alikuja kwa mtumbwi mwaka ule wa vurugu. Mume wake alichukuliwa mchana na hakurudi. Alimwulizia binti yake, aliyekuwa amempeleka kukaa kwa shangazi upande wa mashariki, akaambiwa na watu watatu tofauti kwamba kwenye kilima kile hakubaki mtu. Akamlilia, akamwekea misa, akaacha kuuliza.

Wanawake wa dagaa walitaka mtoto abaki pale pale. Mmoja alikwishamshika bega. Spesioza hakulia, alikaza macho kwenye lori tu. Mwalimu alivua kofia, akafuta jasho. Halafu akasema, "Mtoto huyu nimemchukua kwa mama mmoja, na nitamrudisha kwa mama huyo. Na wewe mama, panda. Mkayazungumze wenyewe."

Veronika alirudi nasi. Alikaa mwisho kabisa wa lori, kwenye mlango wa nyuma, vumbi lote lake. Hakumsogelea mtoto. Alimtazama tu kwenye mwanga wa mwezi, kilima baada ya kilima.

Mama yangu alisimuliwa yote akiwa uani, amesimama na kibatari akitungoja. Aliweka kibatari chini. Kisha alimshika mgeni mkono, akamwambia kwa Kiha kwamba maji ya kuoga yapo, chakula kipo, na kitanda cha mtoto wake kiko chumba kile. Akamgeukia Spesioza: "Sikufukuzi, na yeye simfukuzi." Usiku ule nilimsikia mama akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Veronika alikaa kwetu msimu mzima. Alilima nasi, alipalilia nasi, na hakumwita mtoto kwa nguvu hata siku moja. Mwanzoni Spesioza alimpa mgongo. Baadaye akawa anamsikiliza akisimulia kilima chao, ng'ombe wao, kaka mchanga aliyekufa. Asubuhi moja niliamka nikakuta nafasi kati yangu na ukuta iko wazi. Alikuwa amelala kwenye mkeka wa mama yake, mkono umeshika kanga yake. Walipoondoka kwenda Ujiji baada ya mavuno, nilikataa kuagana nao, nikapanda juu ya mti nikaangalia lori hadi likawa vumbi.

Spesioza hakutupotea. Kila likizo alikuja, akawaita wote wawili mama, na mama yangu alipofariki alikaa mkekani pamoja nasi watoto wa nyumba, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Mwaka jana wajukuu zangu walipelekwa Ujiji na shule yao, kwa basi lenye viti laini na mapazia. Walirudi na picha za nyuso zao zilizoziba jiwe la ukumbusho lote. Nikawauliza waliona nini, wakasema, "Bibi, kuna joto." Ufukweni hawakushuka, kwa sababu ya harufu. Nilicheka. Watoto hawa wanajua mengi, na siku hizi mtu akipotea picha yake hufika nchi nzima kabla ya chakula cha mchana. Sisi tungeitamani baraka hiyo. Lakini basi lao lina saa ya kuondoka, na mwalimu wao anapigiwa simu njia nzima. Lori letu lilisubiri. Lilisubiri pale mchangani hadi jua likawa jekundu, mwanamke mmoja akakusanya dagaa wake, akaenda kufunga nyumba yake na kuchukua kanga, na sisi watoto wote, wenye njaa na mbali na kwetu, tulikaa juu tukimtazama anavyorudi, na hakuna aliyeuliza kwa nini hatuondoki.