Kitambaa Chekundu cha Amponsah

Boadu hakuwa mtu wa kuuliza maiti ni ya nani. Pale kijijini Ntonso unamletea kitambaa cha msiba, unachagua muhuri unaoutaka, uliochongwa kwa kibuyu, naye anauchovya kwenye wino mzito wa magome na kugonga. Basi. Umbea aliwaachia wateja.

Ila asubuhi ile roho yake haikutulia. Dada yake Konadu, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amelazwa Kumasi baada ya kupasuliwa tumbo, na tangu jana simu yake ilikuwa haipokelewi. Mchana Boadu angempelekea supu. Majirani nao walipita wakimsalimu huku wanatazama chini. Jamani, mtu mzima anaamkiwa hivyo?

Akaja Amponsah, kaka yao mkubwa, na furushi kwapani.

"Nigongee ngazi, mdogo wangu. Kitambaa kizima."

Ngazi ni muhuri wa kifo, hakuna asiyeipanda. Boadu akajikuta anauliza, "Nani katutoka, kaka?"

"Mjomba wa mke wangu. Yule mlevi, humkumbuki? Pombe imemmaliza." Akacheka, kicheko kikavu.

"Basi nifanye upesi, niwahi kwa Konadu na supu."

"Acha supu! Gonga kwanza."

Boadu akatandaza kitambaa, akakibana kwa pini, akagonga safu nzima kwa mazoea ya mkono tu. Ndipo macho yake yakaona alichokuwa anakigonga. Kilikuwa chekundu.

Loo, Amponsah naye! Unamdanganya mpiga chapa wa misiba, halafu unamletea nyekundu? Mjomba wa mke huvaliwa nyeusi. Nyekundu ni ya watu wa tumbo moja na marehemu, na mama yao alizaa watatu tu. Wawili walikuwa hapo uani.

Boadu akauweka muhuri kando.

"Kaka, Konadu amekufa lini?"

Amponsah akaketi vumbini, na heshima zake zote. "Jana alfajiri. Wazee walisema usiambiwe mpaka ukoo ukae. Wanauogopea huo moyo wako."

"Na wewe ukaona nimgongee dada yangu nguo ya msiba kama punda, sijui nilichobeba!"

"Ningempelekea nani mwingine, Boadu? Konadu angekubali mkono wa nani?"

Boadu alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Kisha akajifuta kwa kiwiko, maana viganja vilijaa wino.

"Changu kiko wapi?"

Amponsah akafungua tena furushi, akatoa kitambaa cha pili, chekundu vilevile.