Mama mukwe aliniletea bia ya kuongeza damu, pacha wa mume wangu akauliza swali moja

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Kisa hiki ni cha mezani kwangu, mtaa wa Hewa Bora, sijaongeza chumvi. Anayebisha aje amuulize mama mukwe wangu, ila ajipange, maana yule mama hashindwi maneno.

Mume wangu Kyungu ni pacha. Mwenzake ni Kabange. Kwetu majina ya mapasa, yaani mapacha, hayachaguliwi: wa kwanza Kyungu, anayefuata Kabange.

Na kuna sheria. Mapasa hawalinganishwi. Ukimpa huyu samaki, mwenzake apate wa ukubwa ule ule. Ukisifu, sifu wote wawili au nyamaza.

Basi nikashika mimba. Mama mukwe akapanda gari kutoka Pweto na mfuko wa samaki wakavu, akaja kunilinda. Kila jioni ananiwekea bia nyeusi mezani.

"Kunywa, mwana. Hii njo inaleta damu. Mi nilikunywa na mimba ya mapasa. Muone bana bangu!"

Akisema bana bangu, yaani wanawe, wote wanageuka kumtazama Kyungu, ingénieur, mhandisi mzima, anatafuna kwa fahari. Upande wa Kabange hageuki mtu.

Kabange ni shemeji yangu kipenzi. Anachekesha mpaka mbavu ziume. Lakini shule ilimshinda mapema, hesabu zinamkimbia, na ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja na hadithi ndefu. Familia inasema tu, njo vile iko, ndivyo alivyo.

Nilishasikia pombe inaumiza mtoto tumboni, lakini nijibu nini bila kuwalinganisha? Nikawa naimwaga bia kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Ule mgomba ulikuwa na maisha mazuri kunizidi.

Siku moja mama mukwe akanifuma. Wakuu, nilitukanwa mpaka na mgomba ukatukanwa. Nikamwambia twende wote kliniki, mkunga aamue.

Mkunga akamweleza kwa heshima. "Mama, mapasa wasiofanana ni kama wapangaji wawili chumba kimoja. Pombe iko ile ile, lakini kila mumoja iko na jeni zake, na za mama nazo zinachangia. Mumoja anaweza kutoka muzima, mwingine ubongo ukaumia. Nani ataumia, hatuwezi kujua mbele. Njo maana tunasema hapana hata kidogo."

Akaongeza kuwa bila kumpima mtu hawezi kuapa kwamba shida yake ilitoka kwenye pombe.

Mama mukwe akacheka njia nzima. Jioni chupa ikarudi mezani. "Bale ba kliniki hawajue damu yetu. Iko nguvu. Muone bana bangu!"

Tukageuka kwa Kyungu, kama kawaida.

Kabange akaweka samaki wake chini. "Mama, bote banaangalia Kyungu. Na miye?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi.

Mama mukwe akamtazama Kabange, machozi yakamtoka. Mimi si mtu wa kulia, lakini siku ile nililia na roho iliniuma kweli.

Kabange akamsogezea sahani yake. "Kula, mama. Haukujua."

Chupa ile haikufunguliwa.

Binti yangu sasa anatembea, anavunja vyombo, mzima kabisa. Na mama mukwe? Akiona mwenye mimba na glasi ya pombe, popote pale, anamwita Kabange asimame karibu naye, Kabange mwenyewe akikubali, na siku zote anakubali.

"Batakuonyesha Kyungu," anamwambia yule mjamzito. "Uulize na Kabange."

Kabange anaongeza, "Lakini kwa sura nilimushinda."

Nilichojifunza: yule aliyetoka salama hathibitishi kitu, ila sisi tunamweka yeye mbele na kumsahau mwenzake. Tulidhani kutowalinganisha ni heshima, kumbe Kabange alikuwa anakaa nasi mezani miaka yote bila kuonekana.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu nani anaonyeshwa kama mfano, na nani haulizwi?