Ufunguo wa Argia

Mlango wa Argia uligongwa saa saba mchana, mvua ikinyesha. Hakuinuka. Mbele yake palikuwa na bakuli la maharage, na kwa miaka arobaini hakuna mgeni aliyepanda kilima cha Roccascura akamwondoa mezani. Anayetaka kuona picha za kale kwenye kuta za kikanisa humsubiri Argia ale, ashibe. Ufunguo wa kikanisa ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wake, mzito kama nyundo. Kabla yake aliutunza mama yake.

Aliyeingia ni Ivano, diwani, mwenye vyumba vya kupangisha wageni. Nje walijikunyata watu kumi na wawili katika makoti ya plastiki.

"Shangazi, nimefuata ufunguo. Tulipiga kura jana."

"Nani na nani? Wewe na shemeji yako?"

"Wageni wanalalamika. Unawanunia, unawafokea."

"Wanaingia na matope, wanampa Bikira mgongo ili wapigwe picha. Niwachekee?"

"Zama zako zimepita, Shangazi."

"Kamasi zako nilizifuta mimi, Ivano. Naona bado zinakutoka."

Mgeni mmoja alichungulia, akainua simu kumpiga picha Argia akitafuna. Argia alimkazia macho mpaka simu ikashuka. Lakini moyoni aliingiwa na baridi. Bila ufunguo ule, nani tena angebisha kwake? Mtaa mzima ulibaki na nyumba tatu zinazofuka moshi.

Akatazama mvua.

"Chukua," alisema.

Ivano, aliyejiandaa kwa vita, aliutungua upesi akatoka kifua mbele.

Argia akasogeza kiti dirishani. Kikanisa kiko ng'ambo ya uchochoro tu. Mvua ikinyesha mlango wake huvimba, haufunguki mpaka uuinue kwa kitasa huku ukiusukuma kwa nyonga, chini kidogo ya hapo. Hilo alifundishwa na mama yake. Yeye hakumfundisha mtu.

Ivano alizungusha ufunguo, akasukuma. Akatia bega. Akapiga teke, akaruka kwa mguu mmoja akiushika mwingine. Wageni wakaanza kucheka.

Alirudi amelowa chapachapa, akautundika ufunguo msumarini.

"Wanalowa, Shangazi," alisema.

"Mawe ya hapa yamelowa miaka mia nane, hayajawahi kulalamika."

"Basi njoo utufungulie. Tafadhali."

Argia akarudisha kiti mezani, akavuta kisu.

"Sijala jibini," alisema.