Siku Tuliyodhani Muthoni Amepata Uchawi

Enzi zetu kitabu kimoja cha hadithi kilitosha bweni zima. Ninyi mliosoma akademi za huku Nyeri wakati simu ya shule ilikuwa moja tu, nayo imefungiwa ofisini kwa dairekta, mwenye shule, mnanielewa. Watoto wa siku hizi hushusha riwaya kumi kwenye simu kabla chai haijapoa, kisha wananuna ati hakuna kitu ya kusoma. Sisi tulikuwa na hicho kimoja. Hakikuwa na jalada, kurasa za mbele zilikuwa zimeng'oka, na mpaka leo sijui kiliitwaje.

Kilikuja na rafiki yangu Nyawira. Baba yake alikuwa fundi wa viatu mtaani Majengo, na mteja mmoja alikisahau kibandani kwake, hakurudi tena. Mzee aliona ni cha Kiingereza, na Kiingereza kiko kwenye mtihani, basi akampa binti yake kwa roho safi kabisa.

Hadithi yenyewe ilihusu shule ya kulipia ya nchi ya mbali, shule ya mawe yenye minara na ngazi zilizoteremka hadi chini ya ziwa. Wasichana wa pale walivaa majoho ya kijani, na kila mmoja akifika umri fulani alijiwa na nguvu zake za kichawi. Msichana mwenyewe wa hadithi aliitwa Rosamundi. Nguvu zilipomjia alianguka chini, macho yakageuka, mwili ukatetemeka, na akiamka alikuwa amejua siri ya mtu. Kulikuwa pia na mvulana aliyempenda, Lionel, ambaye midomoni mwetu alikuwa Rioneri. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa hilo, maana sote tulisema hivyo hivyo.

Na sisi pia tulikuwa shule ya kulipia, mkumbuke! Ila mabweni yetu yalikuwa ya mabati, na mvua ikinyesha mwalimu alikuwa anaandika ubaoni tu kwa sababu hakuna ambaye angemsikia. Uji wa asubuhi ulikuwa mwepesi hata ungeona chini ya kikombe. Githeri, yale mahindi na maharagwe, ilikuwa na wadudu ambao tuliwaita nyama. Mwezi wa saba baridi ilishuka kutoka milima ya Aberdare ikatulia uwanjani kama mtu aliyealikwa, maji ya mfereji yakawa yanauma vidole, na bado tulitoka kucheza kati ya mpira na kuruka blada mpaka pua zikawa nyekundu. Tangi la maji lililosimama juu ya vyuma nyuma ya jikoni tuliliita Mnara.

Chini ya Mnara ndipo Nyawira alipotusomea, Jumamosi alasiri, wakati wa kufua. Alikaa juu ya karai lililopinduliwa, akasoma kimoyomoyo mstari mmoja mmoja, kisha akatutafsiria, nusu Kiswahili nusu Kikuyu. Sisi tulifua soksi zake ili mikono yake isilowe. Mama yangu kule Giakanja angeniona angenivuta sikio. Neno lake lilikuwa lile lile kila nikifunga sanduku kurudi shule: "Wangeci, soma ile kitabu iko na mtihani. Hiyo ingine itakuharibu kichwa." Lakini pale chini ya Mnara kichwa changu hakijawahi kuwa kizuri kama siku zile. Tulibishana kama Rioneri ni mkweli. Tulichagua nguvu ambazo kila mmoja wetu angepata. Mimi nilitaka kuona mtihani kabla haujaletwa.

Muthoni hakuchagua nguvu yoyote. Alikuwa msichana wa Mweiga, mrefu, mpole, hodari wa hesabu, na kitanda chake kilikuwa chini ya changu. Kila tulipofika mahali Rosamundi anapoanguka, alikaza kusuuza nguo kama hasikii. Tulidhani ni aibu ya mapenzi, kwa sababu sote tulijua alimpenda Kariuki, yule mvulana wa darasa letu la nane aliyepiga kengele. Kariuki akipita na kile chuma chake cha kengele, Muthoni alisahau hata hesabu.

Ijumaa moja, tukiwa kwenye paredi ya asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, Muthoni alianguka. Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kwanza sauti, si ukelele, ni kama mtu anayekabwa, kisha akaenda chini mzima mzima bila kuweka mikono. Macho yaligeuka. Mwili ukaanza kutetemeka.

Msichana mmoja mbele yetu akapiga nduru, "Ni kama Rosamundi! Ameshikwa!"

Basi ikawa fujo. Mwingine akalia ati Muthoni sasa ataona siri zetu zote. Mwingine akaanguka, na wa pembeni yake akaanguka, na wengine wakakimbilia lango huku wakijifunika uso. Walimu walisimama tu, wanaogopa hata kumshika. Metroni, mlezi wa bweni letu, peke yake ndiye aliyepiga magoti matopeni, akamlaza Muthoni kwa ubavu, akamwekea shali yake chini ya kichwa. Alidhani ni baridi. Muthoni alipofungua macho alitutazama kama watu asiowajua, na mimi, nasema kweli, nilirudi nyuma.

Kabla ya saa ya chakula habari ilikuwa imefika mjini. Akina mama kadhaa walikuja na leso vichwani kuchukua watoto wao. Watu walisimama nje ya ua wakituchungulia, na neno shetani likawa linapita midomoni kama salamu. Dairekta wetu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameweka kila kitu chake kwenye ile shule, na siku ile uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Aliamuru masanduku yote yafunguliwe. Kitabu kilipatikana chini ya sare za Nyawira.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu," Nyawira akasema. Hakulia. Alijua kulia kungekuwa kama kukubali kosa.

Kilichomwa jioni ile ile kwenye shimo la takataka, tukitazama. Tukaambiwa wazazi wataitwa Jumatatu.

Jumamosi na Jumapili zile sijawahi kuzisahau. Kila kitu kilikuwa kimya na kila kitu kilitisha. Mlango wa bweni ukigongwa na upepo, watu wanaruka. Tuliombewa asubuhi, tukaombewa mchana, na mtu akipiga chafya anaangaliwa. Nyawira alikula peke yake mwisho wa meza. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umekaribia, na hakuna shule nyingine ambayo ingemchukua msichana aliyefukuzwa kwa mambo ya shetani. Nilipokaa karibu naye siku ile ya pili aliniambia, "Wangeci, baba yangu ataona aibu. Hiyo ndiyo inanimaliza."

Jumapili mchana Muthoni alitolewa chumba cha wagonjwa. Nilimkuta kwenye mfereji akifua lile sweta lililoingia matope, na alipoona tuko peke yetu akasema bila kuinua kichwa, "Si kitabu."

"Nini si kitabu?"

"Mimi niko na kifafa. Tangu nikiwa mdogo. Dawa iliniishia, nikaogopa kuambia metroni. Mama alisema hii shule wakijua hawatanikubali."

Kwetu kifafa kilisemwa kwa sauti ya chini. Watu hawakuketi kwenye kiti cha mwenye kifafa. Walificha vikombe.

"Na Nyawira?" nikauliza.

"Usiniulize hiyo." Alikamua sweta kwa nguvu. "Kariuki akisikia ataniona aje? Na wewe, utalala tu hapo juu yangu?"

Nilimwambia nitalala. Nilimwambia pia kwamba siri ni yake, sitaitoa, lakini akisimama kesho nitasimama naye. Jioni tulikula meza moja, Nyawira bado kule mwisho. Nilimtazama Nyawira, nikamtazama Muthoni, na kumhurumia mmoja kulikuwa kumwacha mwenzake aumie.

Jumatatu wazazi walijaa ukumbi wa kulia. Dairekta alisimama mbele, Biblia mkononi.

"Wazazi, kuna kitu ya giza imeingia hii shule, na tumejua mlango yake. Huyu msichana ataenda nyumbani leo."

Baba yake Nyawira akainuka. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na vidole vyake vilikuwa bado na weusi wa rangi ya viatu.

"Mwalimu," akasema, "mimi ndio nilimpatia hiyo kitabu. Ningejua iko na shetani singeishika na hii mikono yangu. Kama ni kufukuza, sema ni mimi. Huyu ni mtoto."

Dairekta akatikisa kichwa. Mzee akamshika Nyawira begani, wakaanza kuelekea mlangoni. Hapo ndipo Muthoni alipoinuka.

Mama yake alimvuta sketi. "Muthoni, kaa chini. Kaa chini, nakuomba."

Nami nikainuka, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

"Si yeye," Muthoni akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si Nyawira, na si kitabu. Mimi sina nguvu yoyote, na sikuona siri ya mtu. Niko na kifafa. Dawa iliniishia. Hao wengine waliogopa tu."

Mama mmoja aliyeketi karibu nao alimvuta mtoto wake polepole, akamhamishia upande mwingine. Nilimwona. Muthoni pia alimwona. Mama yake alifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika.

Nyawira alibaki shuleni. Dairekta alimwomba mzee msamaha mbele ya wote, na hilo nampa heshima. Lakini baadaye, kwa sauti ya upole kabisa, alimwambia mama yake Muthoni kwamba ingekuwa vizuri msichana akae nyumbani kwanza mpaka apone. Yule mama hakubishana. Alikuwa amengojea neno hilo miaka mingi.

Mimi na Nyawira tulimbebea Muthoni sanduku hadi langoni, ambapo mjomba wake alingoja na pikapu ya maziwa. Kariuki alikuwa ametumwa kupiga kengele, akaja langoni badala yake. Alichukua sanduku mikononi mwetu, akalipandisha kati ya mikebe, kisha akasimama hajui afanye nini na mikono.

"Muthoni, pona haraka," akasema mwishowe.

"Haiponi hivyo. Inatulizwa tu na dawa."

Kariuki akafikiri. "Basi tulia, halafu urudi."

Muthoni akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alipokwisha kupanda alimuuliza Nyawira, "Mwisho Rosamundi alifanyiwa nini?"

Nyawira hakujua. Alikuwa akisoma pamoja nasi, na kurasa za mwisho ziliungua kabla hatujazifikia. Alinitazama kidogo tu.

"Alisema siri yake mbele ya shule yote," akamjibu. "Wakamwogopa kidogo. Halafu wakazoea."

"Na Rioneri?"

"Rioneri alikuwa amejua toka mwanzo."

Pikapu ikaondoka. Muthoni hakurudi. Alifanyia mtihani shule ya kutwa huko Mweiga, akapita kutuzidi sisi wote. Leo ana duka la dawa za mifugo, na saa yake ya dawa ikifika anameza mbele ya wateja bila kumficha mtu. Kariuki alioa kwingine. Nikimtania Muthoni juu yake ananiambia yule mvulana hata kengele alikuwa anachelewesha. Nyawira ni mwalimu, na wanafunzi wake wanasema hakuna anayesimulia kama yeye.

Mimi sasa nina binti, Shiru, aliye katika shule ya kulipia ya mawe kweli kweli, yenye maji moto na nyasi zilizokatwa. Likizo yote anasoma riwaya zile zile, shule za siri, wachawi, wavulana wenye macho ya huzuni, kitabu baada ya kitabu, simu kifuani, mlango umefungwa. Hakuna anayemsimulia mwenzake. Hakuna anayefuliwa soksi. Enzi zetu hofu ilikuwa na kelele, ilikimbia uwanjani, ilijaza ukumbi wa wazazi, na kwa sababu ilikuwa na kelele mtu aliweza kusimama akaijibu. Nyumba yangu siku hizi iko kimya sana, na ni huo ukimya unaonifanya nipite mlangoni pake mara kwa mara nikijifanya natafuta ufagio.

Jumapili iliyopita, tukimenya viazi, nilimsimulia habari hii yote. Alisikiliza mpaka mwisho, simu mfukoni. Kisha nikamuuliza kama shuleni kwao kuna msichana yeyote ambaye huanguka.

Aligeuza kiazi mkononi.

"Yuko mmoja," akasema. "Lakini hatuongeangi na yeye."

Nilizima jiko, nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

"Shiru," nikamwambia, "anaitwa nani?"